Lenzi ya milioni sita: hesabu za kupiga kabla ya kufungua pochi

Msimu wa harusi ukikaribia, simu yangu hupokea picha za skrini. Lenzi ya Canon yenye mstari mwekundu, alama ya daraja lao la juu, bei dola 2,299, na chini yake neno moja: "Ninunue?" Ukiongeza usafirishaji, VAT ya asilimia 18 na faida ya mwenye duka, hapo unaanzia shilingi milioni sita kwenda juu. Mimi ni mpiga picha wa harusi, sendoff na mikutano hapa Dar es Salaam, na lenzi za namna hiyo ninazo begini, kwa hiyo sisemi kwa wivu: wengi wanaoniuliza huwa nawajibu hapana. Wachache huwa nawaambia ndiyo, tena wasichelewe. Kinachowatofautisha si kipaji, ni mafaili ya picha zao, na kila mtu anaweza kuyasoma yake kwa jioni moja.

Anza hapo. Chukua kazi zako za miezi mitatu iliyopita, zile ulizolipwa, na uache pembeni picha unazojivunia Instagram. Kama unatumia Lightroom Classic, kwenye Library kuna sehemu ya kuchuja picha kwa taarifa zake: itakuonyesha ni ngapi ulipiga kwa milimita gani (namba ndogo inaona pana, kubwa inavuta karibu), kwa f ngapi (tundu la lenzi: namba ikiwa ndogo, tundu ni pana na mwanga ni mwingi), kwa ISO ngapi (kamera imeukuza mwanga kiasi gani). Huna Lightroom? Windows yenyewe inaweza kukuonyesha taarifa hizo kama safu kwenye folda. Chuja picha ulizompa mteja, kisha chuja zile ulizozitupa ambazo ulitamani zingetoka. Hizi za pili ndizo zenye habari.

Kijana mmoja ambaye huwa namwita kwenye kazi za ukumbini alikuja kwangu na laptopu yake akiwa ameshaamua. "Kaka, mimi nataka ile 50 ya f/1.2. Nataka nyuma ya mtu iyeyuke iwe ukungu." Nikamwambia sawa mdogo wangu, fungua kwanza sendoff ya mwisho. Kamera yake ni ya sensa ndogo (sensa ni kile kipande kinachopokea picha), na lenzi ni 18-55 iliyokuja na kamera. Tukasimama kwenye picha ya binti akimlisha mama yake keki. Milimita 55, f/5.6, shata 1/60 ya sekunde, ISO 12800. Shavu la mama limejaa chenga, gauni la kitenge limepoteza mistari yake, na mkono wa binti unaopeleka keki una mkia kama umepigwa mara mbili. Picha kabla yake ilikuwa hivyo hivyo, na baada yake pia. Tulipochuja kwa milimita tukaona karibu zote zimelundikana kwenye ncha mbili: 18 wakati wa kuingia na kucheza, 55 wakati wa keki na zawadi.

Sasa tazama hiyo 50 ya f/1.2 ingemsaidia wapi. Kwenye keki, ndiyo. Kwenye kuingia ukumbini, ambako ukoo mzima unatembea kwa madaha na yeye anarudi kinyumenyume akiwa amebanwa na meza, isingemsaidia chochote. Tena kwenye sensa ndogo ya Canon milimita 50 zinaona kama 80. Tatizo lake halikuwa nyuma kutoyeyuka. Tatizo lilikuwa mwanga kutofika.

Na mwanga una hesabu yake, haihitaji ubishi. Kutoka f/5.6 hadi f/2.8 ni hatua mbili, yaani lenzi inapitisha mwanga mara nne. Ile picha ya keki ya ISO 12800 ingeweza kupigwa kwa ISO 3200 kwa shata ile ile. Au angegawana faida: shata 1/125 na ISO 6400, mkono utulie kidogo na chenga zipungue kidogo. Zumu ya f/2.8 kwa kamera za sensa ndogo haidai milioni sita. Sigma wana 17-50mm f/2.8 ya kamera za kioo (DSLR) za zamani, inapatikana sana ya mtumba, na wana 18-50mm f/2.8 ya kamera mpya zisizo na kioo, ambayo kwa Sony ina uzito wa gramu 290 na ilitoka mwaka 2021 kwa dola 549. Toleo la Canon RF, yaani la kamera za Canon zisizo na kioo, lilifuata mwaka 2024. Yule kijana alihitaji hiyo, na fleshi ya pili.

Nimetaja fleshi kwa makusudi. Mtu mwenye f/5.6 na asiyejua kurusha mwanga wa fleshi ukutani ili urudi kwa mtu hana haki ya kulaumu lenzi. Ila kumbi zetu zina shida yake: wapambaji hufunika dari lote kwa vitambaa. Vikiwa vyeupe umebarikiwa. Vikiwa vya zambarau, fleshi uliyoirusha juu inarudi zambarau na bibi harusi anakuwa na rangi ya biringanya. Hapo ama uweke fleshi pembeni kwenye stendi na kuielekeza moja kwa moja, ama utegemee mwanga uliopo. Na kanisani padri akisema hakuna fleshi wakati wa ibada, umebaki na lenzi yako na Mungu wako.

Kwa hiyo swali la kwanza ambalo faili zako zinajibu ni hili: je, picha zinazokufia zinakufa kwa sababu ambayo lenzi ghali inaitibu? Kuna sababu nne tu ambazo nimeona fedha hizo zikizitibu kweli.

Ya kwanza ni mwanga, nao tumeshaumaliza, isipokuwa tahadhari moja kuhusu zile f/1.2. Canon RF 50mm f/1.8 STM ilitoka kwa dola 199 na ina gramu 160. RF 50mm f/1.2L ilitoka kwa dola 2,299 na ina gramu 950. Ya pili inapitisha mwanga zaidi kwa mara mbili na robo hivi, kwa bei ya zaidi ya mara kumi na moja. Halafu angalia unachoweza kufanya na huo mwanga. Ukisimama mita mbili na f/1.2 kwenye sensa kubwa ya fremu kamili, eneo linaloonekana kali mbele na nyuma ni sentimeta kama 11. Bwana harusi akisimama nusu hatua nyuma ya mkewe, na ndivyo wanavyosimama siku zote, mmoja wao amepotea. Kwa f/2.8 unapata sentimeta kama 27 na wote wawili wanabaki. Ukienda kwenye 85mm ya f/1.2 kwa umbali ule ule, zinabaki sentimeta 4 hivi, jicho kali na sikio limeyeyuka. Ni picha nzuri sana za mtu mmoja aliyetulia. Lakini harusi ya Kitanzania ina watu mia tatu na hakuna aliyetulia. Anayepiga picha za urembo na matangazo ana hoja tofauti, simkatalii.

Sababu ya pili ni fokasi gizani, na hii watu huisahau kwa kuwa haionekani kwenye tangazo. Kamera za kioo, na baadhi ya zisizo na kioo, hufanya fokasi huku tundu la lenzi likiwa wazi kabisa, hata kama utapiga kwa f/8. Lenzi ya f/2.8 inaipa kamera mwanga mwingi wa kutafutia. Kwenye kamera nyingi za kioo, baadhi ya pointi za fokasi, hasa ya katikati, hufanya kazi kwa usahihi zaidi pale tu lenzi inapokuwa f/2.8 au pana kuliko hapo. Ndiyo maana ukumbini lenzi ya kawaida inakwenda mbele, inarudi nyuma, inakwenda tena, na wakati huo pete imeshaingia kidoleni. Ukiona faili zako zina mlolongo wa picha zenye ukali uliotua kwenye pazia badala ya nyuso, sababu yako ndiyo hiyo.

Ya tatu ni mwanga unaoingia kwa mbele. Mtu wa video amewasha taa yake upande wa pili, imekuangalia machoni, na wewe unapiga maharusi walio katikati. Lenzi ya bei nafuu mara nyingi inafunika picha yote kwa ukungu mweupe: suti nyeusi inakuwa ya kijivu, na ngozi nyeusi, ambayo uzuri wake wote uko kwenye vivuli vyake, inakuwa kama imepakwa unga. Lenzi ghali zina tabaka bora za kuzuia mwakisi huo. Hazizuii wote, lakini tofauti unaiona bila kuambiwa. Ukijaribu kurekebisha picha yenye ukungu huo kwenye kompyuta, unaponyanyua na kushusha vivuli ndipo chenga zinapotoka. Kwangu mimi, kwa wateja wetu na nyuso zetu, jambo hili lina uzito kuliko ukali wa kona ambao wachambuzi wa YouTube huukuza kwa asilimia mia tatu.

Ya nne ni uimara: mpira kwenye mdomo wa lenzi unaoshika kamera, pete zinazozuia vumbi na maji. Ukipiga Coco Beach upepo unaleta chumvi, na chumvi haina huruma. Lakini kinga hiyo ina masharti. Kamera nayo iwe imekingwa, na baadhi ya lenzi za Canon za mstari mwekundu, mfano EF 16-35mm f/2.8L II na EF 50mm f/1.2L, zinahitaji filta mbele ndipo kinga ikamilike. Anayepiga studio pekee asilipie kitu hiki.

Kile ambacho fedha haikununulii ni kifupi. Picha za kundi nje saa kumi jioni, f/8: weka lenzi ya dola 199 na ya dola 2,299, chapisha albamu, mpe mama mkwe achague. Na nyingi ya picha zetu zinaishia kwenye kundi la WhatsApp la familia, ambako zikitumwa kwa njia ya kawaida zinapunguzwa hadi takriban pikseli 1600 upande mrefu, yaani kama megapikseli mbili. Albamu ya inchi 12 kwa 18, ikiwa na nukta 300 kila inchi, ni zaidi ya megapikseli 19, hapo ukali unaanza kuwa na maana. Kwa hiyo jiulize unauza albamu au unauza fleshi diski.

Tuseme faili zimesema ndiyo, una sababu mbili kati ya hizo nne. Bado hujafika kwenye milioni sita. Miaka hii kuna ngazi ya katikati ambayo wakati naanza haikuwa na nguvu hivi. Mwaka 2024 Canon walitoa RF 28-70mm f/2.8 IS STM kwa dola 1,099, gramu 495. Kaka yake, RF 24-70mm f/2.8L, ana gramu 900 na bei mara mbili. Kwa Sony kuna Tamron 28-75mm f/2.8, toleo la pili la 2021 lilianza kwa dola 899. Nikon wana 28-75mm yao ya kamera za Z. Hizi za katikati zote zinaanzia milimita 28 badala ya 24. Kwa karatasi ni kidogo, ila 24 inaona nyuzi 84 na 28 inaona 75. Nenda chumbani bibi harusi anapovishwa, nyumba ya kupanga Tandika, kitanda kimejaa chumba, mashangazi wanne, mpambaji na mwanga wa dirisha moja. Mgongo wako uko ukutani tayari. Hizo nyuzi tisa ndizo zinazoamua kama shangazi mkubwa yumo au hayumo, na shangazi mkubwa ndiye mwenyekiti wa kamati. Kama chuja yako ya milimita inaonyesha umelundikana kwenye 24, usiende 28. Kama umelundikana 35 hadi 70, okoa fedha yako.

Kwa wenye kamera za kioo za Canon, EF 24-70mm f/2.8L II ya mwaka 2012 ya mtumba ndiyo ninayoipendekeza kuliko zote. Wazungu wanahamia kamera zisizo na kioo na kuziachia. Inafanya kazi kwenye kamera mpya kwa adapta bila kupoteza fokasi. Bei zake zinashuka taratibu, kwa hiyo usiinunue kama akiba, inunue kama jembe.

Sasa hesabu ya fedha. Bei ya dukani si gharama yako. Gharama ni bei uliyonunua ukitoa bei utakayouza. Kwa mfano: umenunua milioni 6, baada ya miaka mitatu umeuza milioni 3.6. Umepoteza milioni 2.4 kwa miezi 36, kama shilingi 67,000 kwa mwezi. Ukiwa na kazi tatu kwa mwezi ni kama 22,000 kwa kazi. Inamezeka. Kukodi lenzi hiyo kwa, tuseme, 50,000 kwa siku kunakula 150,000 kwa kazi hizo hizo tatu. Ukiwa na kazi moja kwa mwezi, kukodi ni nafuu na hulali na hofu ya vibaka.

Lakini hesabu hiyo ni ya mwenye fedha mkononi. Ukizikopa kikobani kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi juu ya mkopo wote, riba peke yake ni 180,000 kila mwezi, karibu mara tatu ya ule uchakavu. Na harusi zina misimu: Kwaresima na Ramadhani rejesho halisimami kukungojea. Sijawahi kumshauri mtu akope kwa ajili ya lenzi bila mkataba wa kazi ulioandikwa, na sianzi leo.

Na usijidanganye kwamba utapandisha bei kwa sababu una lenzi mpya. Hakuna kamati iliyowahi kuniuliza natumia f ngapi. Wanauliza albamu ngapi, droni ipo, na picha zitatoka lini. Lenzi inalipa pale inapokufungulia kazi ambayo hukuweza kuifanya kabisa. Mfano mzuri ni 70-200mm f/2.8. Mikutano ya mashirika kwenye hoteli: mzungumzaji yuko jukwaani, hupaswi kumsogelea, fleshi hairuhusiwi, na wanataka picha ishirini jioni hiyo hiyo kwa ajili ya taarifa yao. Bila lenzi ile kazi huipati, ukiwa nayo unalipwa kwa ankara na kwa siku za katikati ya wiki ambazo watu wa harusi tumekaa. Mtu akiniambia ana wateja wawili wa namna hiyo, sisubiri hata kuona faili zake.

Kabla ya kulipa, ikodi kwa kazi moja halisi, siyo kwa kuzunguka nayo mtaani ukipiga maua. Kesho yake chuja tena. Ulikuwa f/2.8 mara ngapi? Kama umerudi na picha zote za f/5.6 na fleshi, mwili wako umeshakujibu. Angalia na mkono pia: gramu 900 juu ya kamera, kutoka saa nne asubuhi saluni hadi saa sita usiku ukumbini, ni jambo la kifundo cha mkono.

Ukinunua ya mtumba, Kariakoo au kwa mtu, nenda na kamera yako na kadi yako. Kwanza toa kifuniko cha nyuma na cha mbele, washa tochi ya simu na umulike kwa upande mmoja ukichungulia upande wa pili. Vumbi kidogo si neno. Unachokikimbia ni kuvu, ambayo inaonekana kama nyuzi za utando wa buibui kwenye kioo cha ndani, na pwani hii imejaa. Angalia skrubu za mdomoni: kama vichwa vyake vimekwaruzwa, lenzi imeshafunguliwa na fundi, na una haki ya kujua kwa nini. Kisha piga ukuta wa matofali ukiwa umesimama nao sambamba, tundu likiwa wazi kabisa, na ukuze kona zote nne. Kona zote zikilegea kidogo kwa usawa ni kawaida. Kona moja ikilegea peke yake, kioo cha ndani kimehama, huenda lenzi ilianguka. Zungusha zumu taratibu kutoka mwanzo hadi mwisho ukisikiliza mchanga. Piga f/16 mfululizo uone kama mwanga wa picha unalingana. Weka fokasi kwenye jicho la mtu aliye mbali, kisha karibu, kisha mbali, uone fokasi inarudi bila kusita. Muuzaji akikuharakisha, mwachie lenzi yake.

Ukishaifikisha nyumbani, usiirudishe kwenye begi lenye unyevu wa jasho na kulifunga. Dar, Tanga, Unguja, Mombasa, kote huku hewa ina maji, na kuvu inapenda giza, joto na kitambaa. Nunua boksi la plastiki lenye mpira kwenye kifuniko, weka pakiti za silika jeli zile zinazobadilika rangi, na kipima unyevu kidogo ndani. Lenga asilimia 40 hadi 50. Silika ikibadilika rangi, ikaushe kwenye oveni kwa moto mdogo, irudi kazini. Lenzi unayoitumia kila wiki na kuipitisha kwenye mwanga haishikwi kirahisi. Iliyokaa kabatini kuanzia masika hadi msimu ujao ndiyo inayoota, na ikishaota, ile milioni 3.6 uliyoiweka kwenye hesabu ya kuuzia haipo tena.